Ng'ombe walihesabiwa kwanza: feza za Korona katika Kaunti ya Weld

Mwezi huu zamu ya historia imeniangukia mimi. Waliotangulia wameandika juu ya vita vya Mulele na juu ya mwaka 1972 kule Burundi, mambo ambayo wazee wetu waliyaona kwa macho. Mimi nawapeleka mbali kidogo, kwenye kaunti moja ya Marekani inayoitwa Weld, jimbo la Colorado. Msidhani ni ile ndoto ya kwenda Marekani imenishika kichwa. Kaunti hiyo inatuhusu, kwanza kwa sababu watu waliokula mgao Dadaab na Kakuma wako kule leo wakikata nyama. Na pili kwa sababu mwaka 2020 serikali ya Marekani iligawa pale feza nyingi za msaada, na ukiangalia vizuri jinsi zilivyogawiwa, utakuta kitu ambacho sisi tunakijua kuliko profesa yeyote: listi.

Weld ni kaunti kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na makao yake ni mji wa Greeley. Mji ulianzishwa mwaka 1870 na mwandishi wa gazeti aliyeitwa Nathan Meeker, aliyekuja na watu wake kuishi kama ushirika, wakachimba mifereji maana nchi ile ni kavu. Baadaye zikaja beti za sukari, yaani kile kiazi ambacho ukikikamua kinatoa sukari kama muwa. Viwanda vya sukari vilifunguliwa Greeley, Eaton na Windsor mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kisha ng'ombe. Mwaka 1930 mzee mmoja, Warren Monfort, alianza kunenepesha ng'ombe zizini kwa kuwalisha nafaka, na familia yake ikafika mpaka kuwa na kiwanda chake cha kuchinja. Kiwanda kimebadilisha wenyewe mara kadhaa, na tangu 2007 ni cha kampuni ya JBS ya Brazil. Katika sensa ya kilimo ya 2017, mashamba ya Weld yaliuza mazao na mifugo ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ukisikia "kaunti ya mashambani" usifikirie mama mwenye mbuzi wawili na shamba la maharage. Wadogo wapo, ila wanaishi jirani na mazizi yenye maelfu na maelfu ya ng'ombe.

Wafanyakazi wa kiwanda kile wamekuwa wageni kwa muda mrefu. Tarehe 12 Desemba 2006 maofisa wa uhamiaji walivamia viwanda vya Swift, kampuni iliyokuwa inakimiliki wakati ule, katika majimbo 6 kwa siku moja, na Greeley ilikuwemo. Walikamata watu karibu 1,300, wengi wao kutoka Mexico na Guatemala. Mashine hazisubiri, kwa hiyo kampuni ikatafuta watu wengine wenye makaratasi halali. Nani ana makaratasi halali, hana Kiingereza kingi, na yuko tayari kusimama saa 8 kwenye baridi na kisu mkononi? Mkimbizi. Wakaja Wasomali, wakaja watu wa Myanmar, wakaja na wa kwetu. Mwaka 2008 Wasomali zaidi ya 100 walifukuzwa kazi pale baada ya mgogoro wa muda wa kuswali na kufuturu mwezi wa Ramadhani, na kesi yake ikaburuzwa miaka mingi. Hiyo ni hadithi nyingine, itafutie mtu wa kuiandika.

Sasa tuingie mwaka wenyewe.

Korona ilipofunga mahoteli, shule na mikahawa, mkulima wa Marekani alipata hasara ya kweli. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuko wenzetu ambao wakisikia mzungu mwenye ng'ombe 2,000 analia, wanacheka. Tusicheke haraka. Maziwa yalimwagwa chini kwa sababu mnunuzi mkubwa, yaani shule na hoteli, hakuwepo tena. Ng'ombe aliyefikisha uzito wa kuchinjwa huwezi kumwambia asubiri. Anaendelea kula kila siku, na uzito ukipita kiasi bei yake inaharibika. Halafu viwanda vya kuchinja vyenyewe vikaanza kufunga kwa sababu wafanyakazi waliugua. Kile cha Greeley kilitangaza kufunga tarehe 13 Aprili 2020, kikafunguliwa tena tarehe 24. Wafanyakazi 6 wa pale walikufa kwa Korona. Tarehe 28 Aprili Rais Trump akatoa amri kwamba viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi, na mwezi wa Septemba idara ya serikali ya usalama kazini ikaipiga kampuni faini ya dola 15,615. Iweke kando namba hiyo.

Tayari tarehe 27 Machi bunge na rais walikuwa wamepitisha sheria kubwa ya msaada, inayoitwa CARES, ya zaidi ya dola trilioni 2. Tarehe 17 Aprili Wizara ya Kilimo ikatangaza sehemu ya wakulima: dola bilioni 16 za kulipwa moja kwa moja mkononi, na bilioni 3 za kununua vyakula vya kugawia watu kwa maboksi. Mpango uliitwa kwa herufi CFAP. Mwezi wa Septemba wakaongeza awamu ya pili, mpaka dola bilioni 14 nyingine. Ukijumlisha msaada wote wa serikali kwa mashamba mwaka ule, pamoja na mipango ya zamani, ulifika karibu dola bilioni 46, rekodi ya historia yao.

Kwa kulinganisha tu: mwezi uleule wa Aprili 2020, mgao wetu sisi wakimbizi wa Uganda ulikatwa asilimia 30. Wale wa kupokea pesa walitoka shilingi 31,000 kwa kichwa kwa mwezi wakaenda 22,000. Silalamiki hapa, naweka tarehe zikae pamoja.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni mwendo, kuliko hata ukubwa wa feza. Maombi yalifunguliwa tarehe 26 Mei. Ndani ya siku 6 za kwanza za maombi, serikali ilikuwa imeshaidhinisha zaidi ya dola milioni 545 kwa wakulima zaidi ya 35,000. Siku 6! Wewe ambaye umewahi kufuatilia kadi iliyopotea unajua siku 6 ni nini. Na ofisi zilikuwa zimefungwa kwa wageni, mambo yote yalienda kwa simu, barua pepe na makaratasi ya kuachwa mlangoni.

Iliwezekana vipi? Hapo ndipo utamu wa historia yenyewe ulipo.

Marekani ina zaidi ya ofisi 2,000 za kilimo kwenye kaunti zake, za idara inayoitwa FSA. Mkulima aliyewahi kushiriki mpango wowote wa serikali, faili yake iko pale. Shamba lina namba. Ramani ya kila kipande iko. Akaunti ya benki iko. Karatasi ya kuthibitisha kipato chake iko, na karatasi ya kuahidi kwamba halimi kwenye ardhi ya kinamasi iliyokatazwa nayo iko. Kwa hiyo Korona ilipokuja, aliyekuwa na faili alijaza fomu moja tu, inayoitwa AD-3114, akaandika kwa mkono wake mwenyewe ni ng'ombe wangapi aliuza na wangapi amebaki nao. Hakuombwa risiti siku hiyo. Alitakiwa azihifadhi, wakija kukagua awe nazo. Mtu aliaminiwa kwa neno lake, kwa sababu alishajulikana.

Asiye na faili naye aliruhusiwa kuomba, kisheria hakufungiwa mlango. Ila alianza kwa kujaza yale makaratasi mengine yote, kwa simu, na ofisa ambaye hajawahi kumuona. Mimi ni mtu wa kujitolea, siku za uhakiki nashika foleni na kuwaelekeza wazee mahali pa kuweka kidole. Nimeona mara nyingi: mwenye namba anapita dakika 3, asiye na namba anakaa kwenye benchi la pembeni "asubiri kidogo". Benchi hilo na ile ofisi ya kaunti ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa tuangalie hesabu, maana hesabu ndiyo inayosema serikali ilimuona nani. Ng'ombe aliyenenepeshwa akauzwa kwa kuchinjwa kati ya tarehe 15 Januari na 15 Aprili alilipiwa dola 214. Ndama wa chini ya pauni 600 aliyeuzwa, dola 102. Ng'ombe ambaye hajauzwa, aliyekuwa bado zizini kati ya tarehe 16 Aprili na 14 Mei, dola 33. Nguruwe mdogo aliyeuzwa dola 28, mkubwa dola 18. Mahindi na soya kwa senti kadhaa kwa kila kipimo, maziwa kwa uzito.

Mwenye ndama 5 waliouzwa basi alipata 510. Mwenye ng'ombe wanene 1,000 waliouzwa, hesabu yake ni 214,000. Kulikuwa na kikomo cha dola 250,000 kwa mtu mmoja, lakini kampuni au ushirika wenye wanahisa 3 wanaofanya kazi shambani, kila mmoja angalau saa 400, ungeweza kufika 750,000. Yaani mkubwa alipata zaidi kwa sababu alikuwa na zaidi, na sheria ikampa na ngazi ya kupandia.

Hata kati yao wenyewe kulikuwa na vilio. Angalieni ile tarehe ya 15 Aprili. Aliyeuza tarehe 15 alilipwa 214 kwa kichwa. Aliyetaka kuuza tarehe 16 akakuta machinjio yamefungwa, ng'ombe wake akahesabiwa kuwa "yuko zizini", dola 33. Na kumbuka kiwanda cha Greeley kilitangaza kufunga tarehe 13! Mfugaji aliyenyimwa soko na ugonjwa wenyewe alilipwa kidogo kuliko yule aliyewahi kuuza kabla bei haijaanguka vibaya. Wafugaji walipiga kelele, na awamu ya pili ikawaongezea dola 55 kwa kichwa kwa ng'ombe waliokuwa nao kati ya katikati ya Aprili na mwisho wa Agosti. Tarehe ya mwisho imewekwa na mtu ofisini, na maisha hayajui tarehe hiyo. Mtoto aliyezaliwa kesho yake baada ya uhakiki, mama yake atakuelezea vizuri kunishinda.

Kuko na wafugaji wengine ambao hawakuonekana kabisa. Kule Marekani watu wengi wanafuga kuku wa kampuni: banda ni lao, deni la benki ni lao, umeme ni wao, lakini vifaranga na chakula ni vya kampuni, na kuku wakikua kampuni inawachukua na kulipa ujira. Korona ilipokuja kampuni zikapunguza vifaranga, mabanda yakakaa matupu. Wakaenda kuomba CFAP. Jibu likawa: kuku si wako. Mpaka bunge lilipopitisha sheria nyingine Desemba 2020 ndipo nao wakaingizwa, na utaratibu wao ukakamilishwa Agosti 2021.

Na yule mwenye kisu, kwenye mstari wa nyama? Huyo hakuwa na ng'ombe, hakuwa na banda, hakuwa na shamba lenye namba. Kwenye fomu ya AD-3114 hakuna mstari wake. Hakuna hata swali linalomuuliza mwenye shamba: je, na wewe umewalipa wafanyakazi wako, umewapa barakoa?

Mtu anaweza kunijibu: ndugu, ile ilikuwa dharura, hakuna muda wa maswali mengi, na isitoshe msaada wa mkulima ni wa mkulima. Ndiyo maana nataka turudi nyuma miaka 87, tuone kama kweli haiwezekani kuuliza.

Mwaka 1933 Marekani ilikuwa kwenye njaa ya uchumi. Bei ya pamba, mahindi na nguruwe ilikuwa imeanguka mpaka kuvuna ni hasara. Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kilimo tarehe 12 Mei 1933: serikali imlipe mkulima apunguze kulima, ili mazao yapungue na bei ipande. Pamba ilikuwa imeshaota, kwa hiyo kiangazi kile wakulima walilipwa waing'oe, zaidi ya ekari milioni 10. Nani ahesabu ekari hizo nchi nzima? Wakaunda kamati za kaunti, za wakulima wenyewe kuwapima wenzao. Zile kamati ndizo mama wa ofisi za FSA za leo, na mpaka sasa wakulima wa kaunti wanapiga kura kuchagua wajumbe wake.

Wazo si baya. Jirani anamjua jirani kuliko mtu wa Washington. Ila kule kusini, kwenye pamba, waliochaguliwa walikuwa wenye mashamba, wazungu. Na aliyelima kwa mikono hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mtu wa kugawana mavuno, mweusi au mzungu maskini, anayeishi kwenye kibanda cha bwana na kukopa chakula kwenye duka la bwana. Katika mkataba wa pamba wa 1934 na 1935, kati ya senti 4 na nusu zilizolipwa kwa kila pauni ya pamba ambayo haikulimwa, senti 4 zilikuwa za mwenye shamba na nusu senti ya huyu wa kugawana. Tena hiyo nusu senti mara nyingi ilipitia mkononi mwa bwana, akakata madeni ya duka. Na kwa kuwa ekari zimepungua, bwana hakuhitaji tena watu wote, familia nyingi zikatolewa kwenye vibanda. Fikiria hilo: pesa ya kuokoa wakulima ndiyo iliyowatoa wakulima shambani.

Mwezi wa Julai 1934, karibu na Tyronza, Kaunti ya Poinsett, jimbo la Arkansas, watu 18 walikutana kwenye jengo la shule, wazungu 11 na weusi 7, wakaunda chama cha wakulima wasio na ardhi. Kwa Arkansas ya wakati ule, mweusi na mzungu kukaa chama kimoja ilikuwa hatari ya maisha. Walipigwa, mikutano yao ilivunjwa. Wizarani kulikuwa na wanasheria vijana waliojaribu kuwatetea wasifukuzwe vibandani. Februari 1935 wanasheria hao wakaachishwa kazi.

Hiyo ni pamba. Sasa rudini nami Weld, kwenye zile beti za sukari, maana hapa mambo yalienda tofauti kidogo.

Beti zilikuwa zinapunguzwa miche na kuvunwa kwa mkono, watu wameinama siku nzima. Kwanza walikuja Wajerumani waliotoka Urusi, halafu watu wa Mexico na New Mexico. Kampuni ya sukari iliwajengea mtaa wao Greeley mwaka 1924. Watoto walifanya kazi pamoja na wazazi, maana malipo yalikuwa kwa ekari, na mikono mingi ndiyo ekari nyingi. Mwaka 1934 bunge likapitisha sheria ya sukari, na mwaka 1937 nyingine ikaimarisha. Mkulima wa beti alipewa malipo ya serikali, kama wa pamba. Lakini kwa masharti: asiwafanyishe kazi watoto wa chini ya miaka 14, wa miaka 14 mpaka 16 wasizidi saa 8 kwa siku, na awe amewalipa wafanyakazi wake ujira usiopungua ule uliopangwa na Waziri wa Kilimo. Hujalipa mfanyakazi, hupati hundi yako. Watoto wa mwenye shamba mwenyewe waliachwa nje ya katazo hilo, na wapo waliodanganya umri, sisemi kila kitu kilinyooka. Lakini swali lilikuwepo kwenye karatasi, na utaratibu huo uliendelea mpaka sheria ya sukari ilipokufa mwaka 1974.

Kwa hiyo babu aliyelima beti Weld mwaka 1938 aliulizwa kuhusu mfanyakazi wake kabla ya kulipwa, na mjukuu wake mwenye ng'ombe mwaka 2020 hakuulizwa. Usiniambie haiwezekani. Iliwezekana kwa karatasi na kalamu, kabla hata ya kompyuta.

Niseme kidogo pia juu ya wakulima weusi, ingawa Weld hawako wengi, kwa sababu wao ndio wanaoonyesha listi inavyorithiwa. Mwaka 1920 walikuwa karibu 925,000 nchi nzima. Kwenye sensa ya 2017 walikuwa chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni zile kamati na ofisi za kaunti zilizowanyima mikopo au kuwachelewesha mpaka msimu wa kupanda umepita. Miaka ya 1960 vijana wa haki za raia walikwenda Mississippi na Alabama kuwahamasisha wagombee kwenye kamati hizo, maana walishajua pesa inapitia wapi. Mwaka 1999 mkulima Timothy Pigford na wenzake walipata suluhu mahakamani, na serikali ikalipa karibu dola bilioni 1. Halafu ikaja Korona. Mwaka 2021 Waziri wa Kilimo Tom Vilsack alisema kwamba kati ya karibu dola bilioni 26 za CFAP, wakulima weusi walipata dola milioni 20.8 tu. Hakuna aliyewaandikia "msiwape". Aliyenyang'anywa shamba mwaka 1960 hana ng'ombe wa kuhesabiwa mwaka 2020, basi.

Machi 2021 bunge likatenga dola bilioni 4 kufuta madeni ya wakulima weusi na wa makabila mengine yaliyobaguliwa. Wakulima wazungu wakaenda mahakamani kusema nao wanabaguliwa. Mwezi wa Juni majaji wa Wisconsin na Florida wakasimamisha malipo, na Agosti 2022 sheria ikafutwa, ikawekwa nyingine: dola bilioni 3.1 kwa wenye madeni mazito wa rangi yoyote, na bilioni 2.2 kwa yeyote aliyebaguliwa. Hizi za mwisho zilitangazwa kulipwa Julai 2024, kama dola bilioni 2 kwa watu zaidi ya 43,000. Linganisha na zile siku 6.

Tumalizie na mwenye kisu.

Septemba 2021 Wizara ya Kilimo ilitangaza kwamba sasa inawakumbuka waliofanya kazi mashambani na kwenye viwanda vya nyama, na imetenga dola milioni 700. Kila mfanyakazi angepata mpaka dola 600. Wizara haikuwa na listi ya watu hawa, hawajawahi kuwa na namba pale. Kwa hiyo pesa zikapitishwa kwa mashirika yasiyo ya serikali na vyama vya wafanyakazi, ambao ilibidi waombe zabuni, wachaguliwe, wajenge utaratibu, halafu ndiyo wawatafute watu mmoja mmoja, kwa lugha zao, wakiwaomba vithibitisho vya kazi waliyoifanya mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake. Wengine walikuwa wamehama mji, wengine wameacha kazi. Mashirika yaliyochaguliwa yalitangazwa mwezi wa Oktoba 2022, 14 pamoja na serikali moja ya kabila la wenyeji wa asili. Huo ni mwaka wa tatu tangu kiwanda cha Greeley kufungwa.

Ng'ombe 3 waliouzwa kabla ya tarehe 15 Aprili 2020 walimpa mwenye nao dola 642, na sehemu ya kwanza, asilimia 80, ingeweza kuwa imeingia benki mwanzo wa Juni mwaka huohuo. Aliyewachinja na kuwakata aliambiwa 600, akatafutwe.

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, nina swali moja kwenu, na nauliza kwa heshima. Yale majedwali mnayotutumia siku za uhakiki yana mstari wa kaya, wa umri, wa ulemavu. Vijana wanaopakua magari ya mgao, wanaochota maji ya kliniki, wanaolinda maghala usiku kwa posho, wao wako kwenye mstari gani? Nimeutafuta, sijauona.

Na kama kuna mwenye kaka, dada au shangazi Greeley, muulizeni kama zile 600 alizipata, na alizipata lini. Mkiniletea majibu nitayaandika kwenye zamu yangu ijayo, bila kutaja jina la mtu.